Kabla hujakompaili programu ya saa, rekebisha saa yenyewe kwanza

Kazi ya nusu saa ilinila siku mbili, ndo maana naandika hii. Kompyuta yangu ya mezani ni ya siku nyingi, ile betri ndogo ya kwenye madabodi, CR2032, ilishakufa, so kila nikizima umeme nikija kuwasha tarehe imerudi nyuma miaka kadhaa. Nikasema basi naweka chrony, programu inayochukua saa sahihi kutoka kwa seva za mtandaoni. Toleo lililokuja na mfumo wangu wa Linux lilikuwa la kizamani na mimi nilitaka NTS, ule ulinzi unaohakikisha kwamba anayekupa saa ni seva kweli na sio mtu kakaa katikati anakudanganya, na hiyo kwenye chrony imeanza toleo la 4.0 la mwaka 2020. Kwa hiyo ikabidi nikompaili mwenyewe, yaani niijenge programu kutoka msimbo chanzo.

Sasa angalia kichekesho. Nataka kupakua programu ya kurekebisha saa, wget inagoma, inasema cheti cha tovuti hakijaanza kutumika. Ni kweli bana, kwa saa ya kompyuta yangu hicho cheti kilikuwa bado hakijazaliwa! Mimi nikajifanya mjanja nikalichukua faili kwa flashi kutoka mashine nyingine. Kufungua tu, tar ikaanza kulalamika faili zinatoka siku zijazo, nikapuuza, nikapiga make, amri ya kuijenga programu, nayo ikaniambia Clock skew detected, maana yake make inaangalia tarehe za faili ili ijue kipi kijengwe upya na kipi kiachwe, tarehe zikiwa za uongo na yenyewe haina uhakika imejenga nini. Nikafuta folda lote nikaanza moja.

Kwa hiyo kabla ya chochote angalia simu yako, andika sudo date -s na tarehe na saa ya sasa, halafu sudo hwclock --systohc ili hata saa ya kwenye bodi ipate. Haihitaji kuwa sahihi kwa sekunde, dakika moja mbele au nyuma haina shida. Na hiyo betri badilisha jamani, programu haifufui betri.

Pa pili paliponing'ata ni ./configure, ile inayokagua kompyuta ina nini kabla ya kujenga. Inapita vizuri kabisa bila kelele hata kama umekosa vitu vya muhimu, unajiona fundi kumbe imekata NTS kimyakimya. Mwishoni huwa inatoa mstari wa Features wenye alama za kujumlisha na kutoa, usome huo mstari kabla ya kupiga make. Mimi nilikuta -NTS baada ya kumaliza kila kitu, yaani nilikuwa nimehangaika bure. Kilichokosekana ni pkg-config pamoja na faili za kujengea za nettle na gnutls, maktaba za usimbaji ambazo NTS inazitegemea, kwenye Debian na ndugu zake pakiti zinaitwa nettle-dev na libgnutls28-dev. Weka hizo, rudia configure mpaka uone +NTS, ndo uende make na sudo make install. Hapo hapana hadithi, dakika chache tu imeisha.

Kwenye /etc/chrony.conf yangu nina mistari mitano tu: server time.cloudflare.com iburst nts, driftfile /var/lib/chrony/drift, makestep 1.0 3, rtcsync, na nocerttimecheck 1. Huo wa mwisho ndo dawa ya wenye betri mbovu. NTS nayo inakagua vyeti, so saa ikiwa nyuma miaka inakataa seva, na bila seva saa hairekebishiki, mnabaki mnatazamana. Huo mstari unaiambia isijali tarehe za vyeti mpaka saa irekebishwe mara moja. Unapunguza ulinzi kidogo kweli, so ukishaweka betri mpya uutoe. Makestep nayo inaruhusu saa iruke moja kwa moja kama imekosea zaidi ya sekunde 1, ila kwenye masahihisho 3 ya mwanzo tu, baada ya hapo inavutwa taratibu.

Kitu kingine, zima yule wa zamani, yaani programu ya saa iliyokuja na mfumo. Mimi niliiwasha chronyd, ndo chrony yenyewe ikiwa kazini, kwa mkono kumbe systemd-timesyncd bado yuko kazini, na hakuna kosa lolote linaloonekana, wote wawili wanavuta saa kila mmoja na lwake. sudo systemctl disable --now systemd-timesyncd, kwisha. Halafu ukitaka iwake yenyewe, kuna chronyd.service ndani ya folda la examples, ila inaitafuta programu /usr/sbin wakati wewe umeijenga ikaenda /usr/local/sbin, usipobadilisha mstari wa ExecStart utaletewa kosa la 203/EXEC, yaani programu haikuweza kuwashwa, na utadhani umeharibu kompyuta.

Kujua kama inafanya kazi usitazame saa ya kwenye skrini, piga chronyc sources. Ukiona ^* mbele ya jina la seva, hiyo ndo inayofuatwa, ukiona ^? bado hakijaeleweka. Safu ya Reach ikipanda mpaka 377 furahi, ni hesabu ya msingi wa nane, inamaanisha majaribio 8 ya mwisho yote yamejibiwa. Ikiganda kwenye 0 angalia fayawoli, NTP, yaani njia ya kuulizia saa mtandaoni, inatoka kwa mlango wa UDP 123 na NTS inahitaji pia mlango wa TCP 4460, mimi nilifungua ya kwanza nikasahau ya pili, nikakaa jioni nzima naisingizia chrony.

Halafu baada ya siku mbili tatu piga chronyc tracking uangalie Frequency. Yangu ilikuwa kama ppm 20 (sehemu 20 kwa milioni), yaani ikiachwa yenyewe inapotea karibu sekunde 1.7 kwa siku, na mimi miaka yote najua ni betri tu.