Tumbaku Shavuni Badala ya Sigara

SWALI: Nimeacha sigara, sasa natia tumbaku kwenye tambuu. Wenzangu barazani wanasema Sweden wengi wameacha sigara kwa snus, tumbaku ya kuweka chini ya mdomo. Je, nimesalimika? (Msomaji, Wete)

JIBU: Mapafu yamepata nafuu, kinywa la. Snus ya Sweden hupashwa moto kwa mvuke, haichachushwi, ndiyo maana nitrosamini zinazoleta saratani huwa chache. Hiyo yako ya kufungiwa karatasini nani ameipima? Tena chokaa huifanya nikotini ipenye ufizi haraka, na popoo hata bila tumbaku huleta saratani ya kinywa. Afadhali ubani wa kutafuna wenye nikotini: tafuna polepole mpaka uanze kuwasha kinywani, uegeshe shavuni, ukipoa tafuna tena. Kahawa iache dakika 15 kabla. Asidi yake huzuia nikotini kupenya.