Kwa Nini Mabasi Huja Mawili kwa Pamoja?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi hupandia daladala kituo cha katikati ya njia. Asubuhi nasubiri karibu dakika 20, kisha yanafika magari mawili yakifuatana: la mbele limejaa hadi mlangoni, la nyuma lina viti vitupu. Je, dawa si kuongeza magari? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kuongeza magari tuangalie kwanza nafasi iliyopo kati ya gari na gari. Chukua njia yenye mabasi 6 kwa saa. Yakifuatana kila baada ya dakika 10, anayefika kituoni bila kuangalia saa husubiri kwa wastani dakika 5. Mabasi hayohayo yakija mawili mawili, la pili likiwa dakika 2 nyuma ya la kwanza, kisha pakawa na pengo la dakika 18, wastani hupanda hadi dakika 8 na ushei ingawa hakuna basi lililopunguzwa. Na kwa kuwa watu huendelea kujikusanya kituoni katika pengo hilo refu, abiria 9 kati ya 10 huliangukia basi la mbele.

Watafiti Newell na Potts walilieleza jambo hili kihesabu mwaka 1964. Basi likichelewa kidogo hukuta watu wengi zaidi, hukawia kupakia, likazidi kuchelewa, huku la nyuma yake likikuta wachache na kulikaribia. Njia maalumu, kama ya mwendokasi wa Kimara hadi Kivukoni, huondoa foleni ya magari. Foleni ya mlangoni hubaki palepale.

Dawa ya kwanza ni kulizuia kituoni, kwa dakika moja au mbili, basi lililomkaribia mwenzake, japo waliomo ndani watanung'unika. Kwa daladala ni vigumu zaidi, kwani dereva anayedaiwa hesabu na tajiri wake hatakubali kusimama huku mwenzake akizoa abiria wa mbele, na kwa maoni yangu ratiba isiyogusa malipo ya dereva itabaki karatasi tu.

Hata hivyo, hoja yako ina mahali pake. Safari ya kwenda na kurudi ikichukua dakika 90, magari 9 yanatosha kupita kila dakika 10. Foleni ikiirefusha hadi dakika 120, yanahitajika 12. Hayo matatu ya nyongeza ningeyaanzisha safari yakiwa matupu kituoni kwako, si mwanzo wa njia.