Simu inatunza fedha zangu, kwa nini isitunze kura yangu?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo. Kila siku natuma na kupokea fedha kwa simu, na sijawahi kupoteza hata shilingi. Kwa nini tusipige kura kwa njia hiyo, badala ya kupanga foleni juani?

JIBU: Ndugu msomaji, adha ya foleni tunaifahamu. Hata hivyo, tazama kinachotokea unapotuma fedha: ujumbe unaingia ukiwa na jina la mpokeaji, kiasi, saa na namba ya muamala, na fedha zikienda kusikohusika unapiga simu huduma kwa wateja wakazifuatilie, kwa kuwa kampuni inajua nani kamtumia nani. Kura haipaswi kujulikana hivyo. Ikiwa na alama ya kumtambulisha aliyeipiga, mwajiri au mume atadai aonyeshwe, na vitisho vitaanzia hapo. Kwa hiyo siri ileile inayokulinda ndiyo inayokuzuia kugundua kwamba kura yako imehesabiwa vibaya.

Makosa ya namna hiyo yameshatokea. Mwaka 2003, huko Schaerbeek nchini Ubelgiji, kompyuta ilimwongezea mgombea mmoja kura 4,096, na jambo hilo lilibainika kwa sababu tu kura zake zilizidi idadi iliyowezekana. Kompyuta huandika namba kwa tarakimu 0 na 1 tu, na thamani ya kila nafasi ni mara mbili ya iliyo kulia kwake: 1, 2, 4, 8 na kuendelea. Namba hiyo 4,096 ni 2 kwa kipeo cha 12, yaani thamani ya nafasi mojawapo, dalili kwamba tarakimu moja katika kumbukumbu ya kompyuta iligeuka kutoka 0 kuwa 1. Ingegeuka tarakimu ya nafasi ndogo zaidi na kuongeza kura 64 tu, nani angeshtuka?

Estonia wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005, na mpiga kura aliyeshurutishwa anaweza kupiga tena ili ya mwisho ndiyo ihesabiwe. Ni kinga nzuri, ila uhakiki wa hesabu bado uko mikononi mwa wataalamu. Mimi nakubaliana na Mahakama ya Katiba ya Ujerumani, ambayo Machi 2009 iliamua kwamba mwananchi wa kawaida lazima aweze kuhakiki hatua kuu za uchaguzi bila utaalamu maalumu. Katika vituo vyetu, karatasi iliyotiwa alama kwenye kituturi hutolewa sandukuni na kuhesabiwa mbele ya mawakala, na wakala asiyejua kompyuta kabisa anaweza kusema, “Hiyo irudie.”

Mashine zikija, zije na karatasi. India, baada ya kubonyeza kitufe, mpiga kura huona kwa sekunde 7, nyuma ya kioo, kikaratasi chenye jina na alama ya mgombea wake, kisha kikadondoka ndani ya kisanduku kilichofungwa, kikisubiri siku ya kuhesabiwa upya.