Afande, vua kombati kwanza ndipo uchukue kadi

Afisa wa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, anayewaza ubunge huanza kwa kuhesabu watu: nani yuko upande wake kijijini, nani atachangia mafuta ya gari. Kabla ya hao, zihesabiwe tarehe.

Ibara ya 147 ya Katiba inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Inamwachia kura yake tu. Polisi, magereza na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) wamo pia, wa muda na wa kudumu. Ibara ya 67 nayo inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama aliyependekezwa na chama. Kwa hiyo utumishi uishe kwanza, kwa barua, ndipo kadi ya chama ifuate. Kadi ikitangulia hata kwa siku moja, mpinzani wako ameshapata pingamizi.

Enzi za chama kimoja afisa aliweza kuwa askari na kada kwa pamoja. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 ikabidi kuchagua. Jakaya Kikwete, Luteni Kanali wakati huo, aliacha jeshi akabaki kwenye siasa. Mwaka 2005 chama chake, CCM, kikampitisha kwenye ukumbi wa Chimwaga, hapa Dodoma, kugombea urais.

Kamisheni, yaani uafisa wenyewe, hutolewa na Rais, hivyo kuiacha hakumalizwi kambini. Barua hupita kwa mkuu wa kikosi, ikapanda ngazi kwa ngazi. Uchaguzi ni Oktoba, na mchujo wa ndani ya vyama hutangulia kwa miezi. Anayeandika Mei ya mwaka wa uchaguzi amechelewa. Andika angalau mwaka mmoja kabla. Ukikabidhi vifaa na kitambulisho, dai hati ya makabidhiano uitunze.

Fomu ya uteuzi inataka wadhamini wasiopungua 25 waliojiandikisha kupiga kura jimboni humo. Hapa ndipo wanajeshi wengi wanapokwama. Mtu wa Bahi, hapa Dodoma, aliyezunguka kambi za Monduli, Nachingwea na Songea miaka 20, kwao anajulikana kwa jina la baba yake tu. Tafuta 40, kagua jina na namba ya kila kadi ya mpiga kura dhidi ya daftari la wapiga kura, kisha chagua walio safi. Herufi moja iliyokosewa inatosha kuzua ubishi.

Vijijini acha sauti ya gwaride. Wazee wa Kigogo wanataka "mbukwenyi", salamu yao, kabla ya sera, na wanataka kuulizwa habari za maji. Agosti hadi Oktoba ni kiangazi. Mchana kina mama wako kwenye foleni ya kisima, basi mkutano uwe jioni.

Picha yenye kombati isikanyage bango lako. Tenga kiinua mgongo chako kabla ya kampeni, na matumizi yote yaandikwe, maana Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inayahoji.

Na tafadhali, usiwapigie simu vijana uliowaongoza kikosini wakusaidie kutafuta kura. Ibara ileile ya 147 bado inawabana, na watakaopoteza kazi ni wao.