Kuridhika kwako, gharama analipa mkeo

"Shikamoo Shangazi. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Uyole, Mbeya. Nina miaka 47, mke na watoto wanne. Zamani nilikuwa nasafirisha viazi kwenda Dar es Salaam na Mungu alinibariki sana. Mwaka 2021 Fuso lenye mzigo wangu lilipinduka Kitonga, mtaji wote ukaisha. Tangu hapo Bwana amenifundisha kuridhika, kama Paulo katika Wafilipi 4. Shida ni mama watoto. Anapenda mali. Kila siku ni bati, sare, mchango wa chakula cha shule. Saa kumi usiku ameshatoka kufuata ndizi, anarudi jioni amechoka, maombi ya familia hayapo. Sikukuu ya mavuno nilinunua jogoo kwenye mnada kwa shilingi 80,000 kumtolea Mungu, akainuka akatoka nje, akaniaibisha mbele ya usharika. Nilipouza gunia la mahindi kutimiza ahadi ya kengele, tuligombana wiki nzima. Juzi nimegundua amenunua mabati kwa mkopo wa kikoba akayaficha kwa kaka yake Igawilo. Cha ajabu, jikoni anaimba mapambio kana kwamba hana shida yoyote. Je, nimpeleke baraza la wazee akaonywe, au nimkataze biashara?"

Marahaba, mwanangu. Pole kwa yaliyokukuta Kitonga. Kuona jasho la miaka limemwagika korongoni na watu wanashuka na ndoo kuokota viazi vyako si jambo dogo, na wanaume wengine wakipatwa na hayo huishia kilabuni. Wewe ulikwenda kanisani. Hongera kwa hilo, na pole yangu imeishia hapo.

Nimeisoma barua yako nikimtafuta huyo mwanamke mpenda mali. Sijamwona. Nimeona bati, nimeona sare, nimeona mchango wa chakula cha shule. Hakuna sofa humo, hakuna simu mpya, hata kitenge cha Pasaka hakuna. Kama huko ndiko kupenda mali, basi nusu ya wanawake wa Nyanda za Juu Kusini watengwe na kanisa Jumapili ijayo, maana wote wanataka mvua isiwanyeshee watoto kitandani.

Sasa nikuulize ambalo hukuliandika. Mtaji uliisha 2021. Barua yako yote haitaji kazi unayofanya leo, hata kibarua. Zile 80,000 za jogoo zilitoka wapi? Gunia la mahindi lililokwenda kwenye kengele, shambani alilima nani? Mimi sikai nyumbani kwako, lakini nimezeeka kiasi cha kujua pesa ya ndizi inavyonuka. Hesabu mwenyewe ni mikungu mingapi ililiwa na yule jogoo, kisha uniambie kama wewe ungebaki umekaa kwenye benchi unapiga makofi.

Na saa kumi usiku Uyole mimi naijua. Naijua hasa ya Juni na Julai, majani yakiwa meupe kwa jalidi. Mkwe wangu huyo anavaa sweta juu ya sweta, anajifunga kitenge kichwani, anasimama barabarani akisubiri gari la ndizi kutoka Kiwira. Likifika wanagombania mikungu gizani, akikosea kuchagua anapata iliyokomaa upande mmoja. Hapo anatafuta bajaji mpaka Mwanjelwa akapate nafasi kabla hakujakucha. Muda huo wote mtu aliyeridhika yuko chini ya blanketi. Halafu jioni unamlaumu kwa kusinzia kwenye maombi!

Tuje kwa Paulo, kwa kuwa umemwita shahidi. Paulo aliandika maneno hayo akiwa kifungoni. Hakuwa na mke, hakuwa na watoto wanne wanaosubiri daftari. Njaa aliyoiridhia ilikuwa ya tumbo lake mwenyewe. Na alipokuwa huru alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila, imeandikwa Matendo 18, na Wathesalonike aliwakumbusha kwamba alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu. Wewe unamlemea mtu mmoja kila usiku saa kumi. Huyo huyo Paulo alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, na ni mbaya kuliko asiyeamini. Mstari huo uko 1 Timotheo 5:8. Sikuuona kwenye barua yako.

Na ukitaka ya Bwana mwenyewe, fungua Marko 7. Kulikuwa na watu waliowanyima wazazi wao kitu kwa kusema kimeshawekwa wakfu kwa Mungu, ni Korbani. Yesu hakuwasifia kwa utoaji. Jogoo wako na kengele yako ni Korbani, mwanangu. Umetoa cha watoto, ukapigiwa makofi wewe.

Nitakwambia ninavyoona mimi, ukikasirika utanisamehe. Hujaridhika. Una aibu. Ulizoea kuitwa bosi, madereva wanakungoja, wakulima wanakupigia simu. Fuso lilipolala, heshima ikalala nayo, na mahali pekee ulipobaki kuitwa mheshimiwa ni kanisani. Kwa hiyo mnadani huwezi kushindwa. Ukiambiwa urudi kwenye viazi kwa gunia mbili tatu, unaona watakucheka, ndipo unamkimbilia Paulo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini koleo lako limevunjika siku nyingi na bado hujatafuta jingine.

Tena nikumbushe kidogo, maana tumewaona matajiri wa viazi. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, nanyi mlikuwa mnamjazia mkulima lumbesa mpaka linaota kichwa juu, bei ni ya gunia moja. Siku zile sikusikia ukihubiri kuridhika. Kumbe Wafilipi 4 ilikuwemo kwenye Biblia hata wakati huo.

Huu ugonjwa hauko kwako tu, ndiyo maana nimeamua kujibu hadharani. Ndoa za siku hizi zinaumizwa na mahubiri ya aina mbili. Kuna wale wanaoambiwa wapande mbegu ya pesa, kesho wapate upenyo, na mke anauza mbuzi kwa siri ili mumewe apate gari kwa imani. Hao wananiandikia kila wiki, nao ninawasema bila huruma. Halafu kuna ninyi, mnaowacheka wale wa upenyo, mkajifunika umaskini kama joho la kwaya. Tofauti yenu ni ndogo: wote mnatumbukiza chakula cha nyumbani kwenye kapu la sadaka, na mwanamke ndiye anayetafuta kingine. Sadaka ni njema, mimi mwenyewe natoa. Lakini itolewe na wawili waliokaa wakahesabu pamoja, tena baada ya mtoto kula. Aguri wa Mithali 30 aliomba asipewe umaskini wala utajiri, alishwe kwa kadiri yake, asije akashiba akamkana Mungu au akakosa akaiba. Aliogopa pande zote mbili. Wewe unaogopa upande mmoja tu.

Wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891 hawakuleta nyimbo peke yake, walileta na useremala, na wazee wetu wakasali na randa iko mkononi. Sijui ni lini tuliamua kwamba mcha Mungu ni mwenye mikono laini.

Sasa ile sentensi uliyoipitia haraka kuliko zote: kwamba jikoni anaimba mapambio kana kwamba hana shida. Mwanangu, ana shida. Ana mkopo wa kikoba, ana ndizi zinazomwivia kabla ya kununuliwa, ana mume anayemwita mpenda mali. Na bado anaimba. Ulikuwa unamtafuta mtu aliyeridhika katika nyumba hiyo, naye anakupakulia ugali kila jioni. Hana vingi, hamwonei wivu mtu, anafanya kazi, anamshukuru Mungu, na anaweka bati akiba. Mabati ameyaficha kwa sababu anakujua. Yangekaa uani kwenu, leo yangekuwa ahadi ya mnara.

Kuhusu baraza la wazee, usithubutu. Ukimpeleka atapewa nafasi ya kusema, na akianza na jogoo, wewe ndiye utakayeonywa. Biashara usimkatazie, mtakula nini?

Badala yake, wiki hii amka naye saa kumi. Beba mikungu wewe, yeye achague. Hapo hapo Uyole pana kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI, nenda ukaulize mbegu ya viazi mviringo, ulime hata robo eka. Masoko unayajua kuliko vijana wote wa hapo. Ahadi mpya kanisani usiandike mpaka mkopo wa kikoba uishe, na mchungaji mweleze hivyo hivyo, hatakufukuza.

Jumamosi nenda Igawilo kwa shemeji yako. Atakutazama vibaya, vumilia. Pakia mabati, mtafute fundi. Nauli ya guta utoe wewe.