Msitu wa Virunga uliishia chini ya sufuria za maharage

Swali la wiki liliuliza vita na siasa za dunia zinaharibuje mazingira. Wengi watataja mabomu. Mimi nataja jiko, na mfano wangu ni Goma, mashariki mwa Kongo.

Kuanzia Julai 1994 wakimbizi wa Rwanda zaidi ya laki saba walipiga kambi Kibumba, Katale, Kahindo na Mugunga, ubavuni mwa Hifadhi ya Virunga. Chakula cha msaada kilikuwa maharage makavu na mahindi ya punje. Kuni kila mtu ajitafutie. Maharage yasiyolowekwa huchukua saa mbili hadi tatu kuiva. Na Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 95 tu, basi yanakawia zaidi. Msitu ukatoa mamia ya tani za kuni kila siku. Kilomita za mraba zaidi ya 100 ziliguswa, na takriban 35 kati yake zikabaki tupu.

Siasa iko wapi? Kambini walijichimbia askari wa serikali ya Rwanda iliyokuwa imeangushwa, pamoja na Interahamwe, wanamgambo wa Kihutu walioongoza mauaji ya kimbari ya Watutsi. Boutros Boutros-Ghali, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, aliziomba nchi askari wa kuwatenga na raia. Karibu zote zilikaa kimya. Kambi zikadumu hadi mwisho wa 1996, vita vilipozivunja, na miti ikakatwa muda wote huo.

Kisha kuna makala, yaani mkaa, na hapa vita huharibu hata ufundi. Tanuri zuri la udongo linataka kuni zilizokauka wiki kadhaa, zipangwe zikibanana, zifunikwe majani kisha udongo, na mchomaji akeshe akiziba nyufa. Moshi mweupe mzito ni maji yanayotoka. Ukiwa mwembamba wa rangi ya samawati, kuni zimeiva, ziba matundu yote. Ukichelewa unavuna majivu. Kwa utaratibu huo, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 15 hadi 20 za mkaa. Anayechoma kwa kujificha hifadhini hana wiki hizo: anakata mti mbichi, anafukua tanuri lingali moto, hewa inaingia na mkaa unawaka upya. Gunia lilelile linakula miti mingi zaidi, na likifika barabarani kila kizuizi cha wenye bunduki kinalitoza. FDLR, waasi wa Kihutu wa Rwanda walio Kongo, waliishi kwa pesa hizo miaka mingi.

Mtambo wa umeme wa maji wa Matebe, kaskazini mwa Goma, uliozinduliwa 2015, ulikuwa jibu la maana kuliko hotuba zote za upandaji miti. Lakini waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, mji ulikaa siku kadhaa bila umeme, na mwenye jiko la umeme alibaki na mkaa tu.

Kwa hiyo kambi ikipangwa, mfadhili abanwe kwa mambo madogo. Hifadhi iwe mbali, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Unga badala ya punje. Kuni au gesi ziagizwe pamoja na chakula, si miezi baadaye. Sufuria zije na vifuniko. Na kabla ya kuwahubiria akina mama kuloweka maharage usiku kucha, kila familia ipewe ndoo ya pili, maana ile moja waliyo nayo ni ya maji ya kunywa.