Re: Kilima cha kupanda Lindi ukaiona bahari, na je kuongozwa ni lazima?

Mkuu nenda Kitunda, ng'ambo ya ghuba. Panda pantoni ya MV Kitunda asubuhi mapema kabla jua halijawa kali, ukishuka ulizia kwa viongozi wa mtaa wakupe kijana mwenyeji, mi nasema ni lazima maana njia zinapita kwenye mashamba ya watu na vichaka, na bei mkubaliane kabisa kabla hamjaanza. Vaa suruali ndefu, upupu hauna huruma. Juu pale unaiona Lindi mjini upande wa pili, mto Lukuledi unavyoingia baharini, mashua, aisee panapendeza sanaaa!! Juni mpaka Septemba ndo poa, mvua zikianza udongo unateleza. Beba maji ya kutosha.